Kodi ya Ubuyu

Binti yangu akinunua ubuyu wa mia mbili, hali ubuyu wa mia mbili. Anakula wa mia na hamsini, pengine pungufu. Unaobaki ni wa kaka yake, maana kaka ndiye mwenye mikono miwili ya kufungulia pakiti, na kwa kaka hakuna cha bure. Analipwa kwanza, tena anajipimia mwenyewe. Nimeutazama mchezo huo nikiwa kwenye cherehani kwa zaidi ya mwaka, nikicheka, nikidhani ni utani wa watoto tu. Wakati huohuo nilikuwa napanda daladala kila mwezi kwenda hospitali ya KCMC kutafuta namna ya kuufanya mkono wake wa kushoto ufanye kazi.

Jina lake siliandiki humu. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka watu wasiomjua wausome mkono wake. Hapa atakuwa binti, na kaka yake atakuwa mtoza kodi.

Mimi ni fundi nguo. Nina cherehani ya kukanyaga barazani, hapa Moshi mjini, na sare za shule ndizo zinazonilisha. Desemba watu wakipanda migombani kula sikukuu, mimi niko chini nakata kaptula. Kushona ni kazi ya mkono wa kushoto kuliko watu wanavyodhani. Wa kulia unazungusha gurudumu, unakata, unajionyesha kwa wateja. Wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa; ukizembea, mshono unapinda kama njia ya mbuzi. Sasa mimi huyohuyo, mjuzi wa mikono ya kushoto, sikuuona wa mwanangu.

Alipokuwa na miezi saba alikuwa akinyoosha mkono wa kulia peke yake. Ukimpa kijiko kwa upande wa kushoto, anageuza mwili mzima ili akipokee kwa kulia. Tulifurahi. Mama mkwe wangu alisema huyu kaja na adabu zake tumboni. Mnajua wenyewe mtoto anayepeleka mkono wa kushoto kwenye sahani anavyofanywa kwetu, kikofi kidogo, “mkono wa kula!” Huyu hakuhitaji kikofi. Naamini mpaka leo kwamba kama shida ingekuwa upande wa pili, akawa anashika vitu kwa kushoto, tungekuwa hospitali wiki hiyohiyo. Adabu ndiyo iliyotufichia shida.

Baadaye sana ndipo nikaambiwa: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuwa na mkono anaoupendelea. Anatakiwa atumie yote miwili. Akichagua mmoja mapema hivyo, ule mwingine uangaliwe. Ningekuwa nachapa kanga, ningeliandika hilo liwe jina la kanga, nizigawe bure kliniki ya watoto.

Dalili nyingine zilikuwepo. Ngumi ya kushoto haikufunguka. Kidole gumba kililala ndani ya kiganja, vidole vingine vikakifunika kama mtu aliyeficha shilingi. Kumwogesha kulikuwa na hatua ya ziada: kuifungua ile ngumi taratibu, kutoa uchafu na jasho, kukausha. Alichelewa kutembea, na alipotembea alikanyagia vidole vya mguu wa kushoto. Zahanati tuliyokwenda mara ya kwanza walituambia watoto hawafanani, tusubiri. Tukasubiri. Mwaka ukaisha tukisubiri.

Tulipofika KCMC tukaambiwa ni mtindio wa ubongo, wa upande mmoja. Sehemu ya ubongo upande wa kulia iliumia, kabla ya kuzaliwa au karibu na kuzaliwa, na upande wa kulia wa ubongo ndio unaotawala kushoto kwa mwili. Jeraha lenyewe haliongezeki na haliondoki. Hayo mawili nilitakiwa kuyameza kwa pamoja, nikameza la kwanza tu. Mke wangu naye alimeza swali lake: nilikosea nini? Alijifungua salama, mtoto alilia palepale. Ndugu walikuwa na majibu tayari, kama kawaida ya ndugu: ndoo ya maji aliyobeba, mtu aliyemtazama vibaya. Siyarudii yote.

Neno lenyewe lina matatizo yake. Ukisema mtindio wa ubongo, watu wanakwenda moja kwa moja kwenye akili. Binti yangu alianza kubishana na wateja wangu juu ya bei kabla hajajua kuhesabu.

Tukaelekezwa tiba kazi. Pale KCMC kipo chuo cha fani hiyo, na pia kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981, kwa hiyo kwenye korido unakutana na wanafunzi wengi kuliko wagonjwa, kila mmoja na daftari lake. Nilirudi barazani nikamwambia jirani yangu fundi viatu kwamba mtoto ameandikiwa tiba kazi. Akaweka kiatu chini. “Fundi, mtoto wa miaka mitatu wanamtafutia kazi gani?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nami sikujua. Jibu nilipewa na dada wa tiba kazi mwenyewe (nilimwita daktari, akakataa, akasema yeye si daktari, ni mtu wa tiba kazi): kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kucheza, kwenda chooni, kujifunza. Fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, atashughulika zaidi na namna anavyokaa, anavyosimama na kutembea. Yeye anataka kujua mtoto anafanya nini na siku yake toka asubuhi mpaka analala.

Usiku mmoja umeme umekatika nikasoma kwenye simu asili ya mambo haya. Machi 1917, huko Clifton Springs katika jimbo la New York, Marekani, watu wachache walikutana wakaanzisha chama cha kwanza cha tiba kazi. Mwenyeji wao alikuwa George Barton, msanifu wa majengo. Kifua kikuu kilimtesa, alikatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijirudisha mwenyewe kwa useremala na kulima bustani. Nikamsomea mke wangu gizani: upande wa kushoto, unasikia? Akauliza kama alipona. Nikasema aliweza kurudi kufanya kazi zake. Akanyamaza kidogo, akasema, “Hujanijibu.”

Kliniki yetu ilikuwa mara moja kwa mwezi, na ukiondoa foleni mtoto anapata kama saa moja. Mwezi una saa mia saba na ishirini. Hesabu hiyo alinifanyia dada wa tiba kazi mwenyewe, kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya miadi. “Hii moja ni yangu, baba. Hizi nyingine ni zenu.”

Nikaelewa vibaya kabisa.

Nilirudi nyumbani nikafungua kliniki. Mkeka, mpira laini wa kubonyeza, vibanio vya nguo, ratiba ukutani. Kila siku saa kumi na mbili jioni, nikishafunga baraza, ni mazoezi. Nyoosha mkono, hesabu ishirini. Fungua kidole gumba, hesabu ishirini. Bonyeza mpira. Bonyeza tena. Hujabonyeza, rudia. Katika wiki ya pili alikuwa akiona mkeka unatandikwa anaanza kulia, na katika wiki ya tatu hakusubiri mkeka: akisikia ninavyofunika cherehani anakwenda kujificha chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa namvuta kwa mguu. Naandika hivi nikiona aibu, lakini najua wapo wanaosoma hapa ambao jioni ya leo wamemvuta mtu chini ya meza.

Halafu nikaongeza la kwangu. Kwenye benchi la kliniki mzazi mmoja alinieleza kwamba kuna njia ya kuufunga mkono mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo ipo kweli. Mimi sikuuliza zaidi. Ni fundi, vitambaa ninavyo. Nikashona mfuko, nikauvesha mkono wa kulia, nikaufunga na kamba kiunoni asubuhi, nikaenda kazini. Saa nne alijikwaa kizingitini. Mkono wa kujikinga ulikuwa umefungwa na baba yake, mwingine hauwezi kukinga. Alianguka na kidevu. Kovu lipo, dogo, linaonekana akicheka.

Dada wa tiba kazi hakunipandishia sauti. Alinieleza taratibu, jambo lililoniumiza zaidi, kwamba njia hiyo hufanywa kwa muda maalumu, kwa glavu au soksi laini ambayo mtoto anaweza kuivua, amekaa, mtu mzima yuko mbele yake, na kuna mchezo mezani unaomfanya asahau kwamba kuna kazi. Na kwamba kuna njia nyingine inayofaa vilevile: kuacha mikono yote miwili huru na kumpa kazi ambayo haiwezekani kwa mmoja. Kisha akaniuliza kuhusu kule kunyoosha na kuhesabu ishirini, nikamweleza kwa fahari kidogo. Akasema kumnyoosha mtoto peke yake hakumfundishi mkono kitu. Mkono unajifunza ukifanya.

Akatugeukia wote wawili. “Mnataka aweze kufanya nini?”

Mke wangu akasema, “Apone.”

“Sawa, mama. Akishapona, asubuhi yake ya kwanza, mtamwona anafanya nini?”

Mke wangu alikaa kimya muda mrefu mpaka nikataka kumjibia. Ndipo akasema: avae gauni lake mwenyewe, aende chooni shuleni bila kumwita mwalimu ampandishe chupi. Dada akaandika hayo mawili. Neno lile la kupona hakulifuta wala hakulibishia, ila ukurasa ule haukuwa na nafasi yake.

Hapo ndipo mkeka ulipokunjwa.

Kuvaa nilidhani nakujua, ndiyo riziki yangu. Sikujua kwamba mkono mgonjwa unatangulia kuingia kwenye nguo na unatoka wa mwisho. Miaka mitatu tulikuwa tunamvalisha kinyume: tunaingiza ule mzima kwanza kwa sababu ni rahisi, halafu tunaukunja ule mgonjwa kwa nguvu kuufikisha tundu lililobana, mtoto analia, tunamwambia tulia. Jaribuni leo, hata kama mtoto wenu hana shida hii ila ameumia bega. Mkono mgonjwa kwanza. Kuvua, mkono mgonjwa mwisho.

Nguo zake nikazibadilisha. Zipu nikaitia kitanzi cha utepe kinachoingia kidole kizima. Lastiki ya chupi na sketi nikaweka pana, iliyolegea, nikashona vitanzi viwili pembeni vya kuvutia juu. Vifungo vya mbele vikubwa, vile vya koti la mzee, na matundu nikayatoboa marefu kuliko ninavyomruhusu mwanafunzi wangu kuyatoboa. Shati lenyewe lilikuwa baya. Nilimvalisha kazi mbaya kwa makusudi, mimi ambaye mteja akirudisha nguo silali.

Jambo lililonifungua macho, hata hivyo, ni lile la kuanzia mwisho. Nilikuwa namfundisha kifungo toka mwanzo: shika kifungo, tafuta tundu, sukuma, vuta. Anashindwa hatua ya kwanza, namalizia mimi, na yeye anachojifunza ni kwamba baba humalizia. Nikaambiwa nigeuze. Mimi nianze, nikipitishe kifungo nusu tundu, yeye avute tu kitokeze. Amemaliza yeye. Kesho nimwachie robo zaidi.

Nilicheka peke yangu kwenye daladala, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi. Hakuna fundi anayempa mwanafunzi mkasi na kitambaa cha mteja siku ya kwanza. Unaanza na kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo iliyokwisha. Miezi. Halafu pasi. Halafu kukaza vifungo, pindo, kola, na kukata ndiko kunakuja mwisho kabisa. Unarudi nyuma kutoka kwenye nguo nzima. Na siku ile ya kwanza, umekata nyuzi tu, ukimwona mteja anaondoka na suruali unajiambia tumeshona. Ningemfundishaje mgeni kwa heshima hiyo, mwanangu nikamfundisha kwa kumvuta mguu?

Tatizo langu lililobaki ni mikono yangu. Asubuhi ya shule, gari la watoto linapiga honi, yeye ameshika kifungo cha pili na ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Kumtazama bila kugusa ni kazi ngumu kuliko kushona kola. Tulijaribu, tukashindwa, tukapatana: asubuhi ya shule tunamvalisha, kifungo cha mwisho tu ni chake. Jumamosi na jioni ni yeye, hata ichukue nusu saa. Najua wapo watakaosema hatukuwa makini. Waje wao saa kumi na mbili asubuhi.

Desemba ile nilifunga baraza mapema, tukapanda Kibosho kwa mama mkwe. Yeye hakuwahi kukanyaga kliniki. Nilijiandaa kumweleza, nikabeba hata karatasi. Kabla sijakaa vizuri alikuwa ameketi uani na rundo la mahindi makavu, ungo mapajani, na binti yuko mbele yake kwenye kigoda.

Kupukuchua mahindi hakuwezekani kwa mkono mmoja. Mmoja unashika hindi na kulizungusha, mwingine unasukuma punje kwa kidole gumba. Bibi alitoboa mistari miwili ya kwanza kwa kisu, ndipo zinazofuata zinaachia zenyewe, akamwekea mjukuu wake lile hindi kwenye kiganja cha kushoto. Likaanguka. Akamwekea tena. Likaanguka likabiringika mpaka kwenye mgomba. Mimi nilikuwa tayari nimeinuka.

“Kaa chini, baba,” akaniambia bila kunitazama. Kisha kwa mjukuu: “Lifuate. Mimi sina miguu minne.”

Akalifuata. Safari hii alilibana hindi kati ya mkono wa kushoto na tumbo, akasukuma kwa kulia. Punje tatu zikadondoka kwenye ungo. Bibi hakupiga makofi wala hakusema hongera. Alisema, “Endelea, kuku wanakungoja.” Binti alisukuma mistari mingine, na lile hindi lilivyokuwa linateleza tumboni vidole vya kushoto vilianza kulizuia, kwanza kimoja, halafu vitatu, na kile kidole gumba, kile kilichofichwa ndani ya ngumi tangu kuzaliwa, kilitoka nje kikalala juu ya gunzi. Hakuna aliyekivuta. Hakuna aliyehesabu ishirini. Nilikuwa nimeshika karatasi yangu.

Alipukuchua magunzi manne hadi jua linazama, na siku ya pili akaamka anauliza kuku wamekula.

Mama mkwe wangu si mtaalamu na sitaki kumfanya mtaalamu. Hana subira, na wajukuu wengine wanamwogopa. Alichokuwa nacho ni mahindi ya kweli na kuku wa kweli. Mpira wangu wa kubonyeza ulikuwa hauendi kokote: ukishabonyezwa, ni mpira uleule. Tangu hapo tukatafuta kazi za nyumbani ambazo zina mwisho unaoonekana. Kumenya ndizi za mtori zikishachemka na kupoa, ganda linaachia vizuri. Kukanda donge la chapati. Kukamua nguo ndogo, soksi kwa mfano, maana kukamua kunataka mikono yote miwili. Kushika bakuli lisizunguke wakati wa kulia unakoroga. Barazani kwangu anashika ncha ya kitambaa nikikata, na kazi hiyo ni ya kweli, nikikata bila mshikaji kitambaa kinateleza. Maharage makavu ya kuchambua tulimpa alipoacha kutia vitu mdomoni, kabla ya hapo msithubutu.

Kulikuwa na miezi iliyorudi nyuma. Alirefuka ghafla akiwa na miaka mitano, mifupa ikaitangulia misuli, mkono ukakaza kuliko mwanzo. Walimtengenezea gamba la plastiki la kuvaa usiku kukishika kidole gumba nje. Alilichukia, nililishonea kifuniko cha kitenge, akalichukia kidogo. Nilidhani nitaandika mengi kuhusu hilo gamba, kumbe ndiyo hayo tu.

Kwenye benchi la kliniki nimejifunza pia kuacha kulia kwa sauti. Kuna mama ambaye mwanawe hana hata shingo ya kushika kichwa, anahitaji kiti kinachomkumbatia. Kiti chake kilitengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, kimekauka kigumu kama mbao. Ufundi huo wa karatasi ulitokea Zimbabwe. Nilikigonga kwa ngumi kama mtu anayenunua mlango. Yule mama akaniambia kinachosumbua ni mvua tu. Kwa mtoto kama wake hakuna shida ya vifungo, kuna kuketishwa wima ili chakula kisimpalie. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anagawa orodha moja ya mazoezi kwa watoto wote wenye mtindio, nanyamaza kwa tabu.

Basi, ubuyu.

Mwaka huu dada wa tiba kazi hakutuuliza sisi. Alimwinamia binti. “Wewe unataka kuweza nini?” Mke wangu nami tulikuwa na majibu mdomoni, kuandika, kukata kucha, mambo ya maana. Binti akasema, “Kufungua ubuyu. Kaka ananimalizia.”

Ikaandikwa hivyohivyo kwenye faili la hospitali. Kufungua ubuyu.

Tuliirudisha nyuma kama kifungo. Kwanza nilimshonea mifuko midogo ya marekani yenye kamba ya kuvuta, ubuyu ndani, mkono wa kushoto unashika mfuko. Wiki mbili akaimaliza. Kisha pakiti ya nailoni niliyokwisha kuikata nusu kwa mkasi, yeye achane iliyobaki. Kisha alama ndogo tu pembeni, kama tunavyokata kitambaa kuonyesha pa kuunganisha. Hapo ndipo tulipokwama. Nailoni inateleza. Akibana kwa kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akivuta kwa kulia, pakiti inachomoka. Alijaribu kwa meno, nikamwambia meno ni ya kaka. Alilia, si kilio cha chini ya meza, kilio cha hasira, halafu akaniomba unga wa chaki ninayochoria vitambaa. Sikumfundisha hilo. Ameniona nikijipaka vidoleni kitambaa cha satini kinaponiteleza.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya kufungua shule, baraza limejaa. Nilikuwa nimetandika mezani vipande vya mashati meupe, dazani nzima, ya mteja mmoja. Binti alikaa upande wa pili wa meza na chaki yake na pakiti ambayo sikuikata alama. Nilimwona. Nilijua nimsogeze. Mteja alikuwa anaongea nami, mguu wangu uko kwenye kanyagio, na nilitaka kuona.

Pakiti ilipasuka kwa kishindo kidogo, yote kwa mara moja, kutoka juu hadi chini.

Asiyeujua ubuyu wetu wa rangi aulize: ile nyekundu haitoki. Punje ziliruka mezani, kwenye mashati, kwenye mapaja ya mteja, sakafuni. Kola mbili na mgongo mmoja vilikwisha palepale. Yule mama mteja alianza kusema neno, akanitazama usoni, akaliacha. Fundi viatu alisimama barazani kwake kuona kimetokea nini. Binti alikuwa ameshika nusu ya pakiti kwa mkono wa kulia na nusu kwa mkono wa kushoto, ameduwaa, anazitazama kwa zamu.

Mtoza kodi alifika akikimbia. Akaangalia mikono ya dada yake, akaangalia sakafu, akapiga magoti.

“Vilivyoanguka,” akasema, “ni vyangu.”